Kebini Mpya, Injini ya Zamani: Soma Hili Kabla Hujasaini Mkopo wa Lori

Leo tunaacha kidogo mbegu na viuatilifu, ingawa urea itarudi huko mbele kwa namna ambayo wengi hamtaitegemea.

Msimu huu nimeulizwa kuhusu usafiri kuliko nilivyoulizwa kuhusu mbolea. Vijana mnalima viazi, vitunguu, mahindi ya biashara, mnavuna vizuri, halafu ukipiga hesabu unakuta faida kubwa imeishia kwa mwenye lori. Kikundi kinakaa kikao, mmoja anasema tukope tununue la kwetu, na wote wanapiga makofi. Kikundi kimoja cha viazi mviringo walinipigia simu wakiwa tayari wameonyeshwa gari. Bodi inang'aa, kebini imepigwa rangi, viti vipya, na dalali anajinadi kwamba injini ni "ile ya zamani, haina mambo ya kompyuta." Kwake hiyo ni sifa. Wao walitaka kujua kama ni sifa kweli.

Mimi ni bwana shamba, si fundi magari. Lakini jambo hili la kuweka injini ya zamani kwenye lori jipya nimelifuatilia muda mrefu, kwa sababu kuna nchi lilifanyika kwa maelfu, likaleta ugomvi mpaka mahakamani, na hoja za pande zote mbili zikawekwa hadharani. Nchi hiyo ni Marekani. Ukielewa kilichotokea kule, utajua cha kumuuliza dalali wako.

Kule kuna kitu wanakiita glaida, jina la ile ndege nyepesi inayopaa bila injini. Kiwanda kinakuuzia chasisi mpya, kebini mpya, ekseli ya mbele na nyaya zake, lakini hakuna injini, hakuna giaboksi, na mara nyingi hata ekseli ya nyuma haipo. Hivyo vilivyobaki unavitoa kwenye lori la zamani, unavifanyia ovahoo, unavifunga. Lori likitoka gereji linanukia upya, lakini moyo wake una miaka 15 au 20.

Mwanzoni hii ilikuwa akili nzuri tu. Lori limepinduka, kebini imekuwa chapati, injini haina hata mkwaruzo. Kwa nini uitupe? Unanunua glaida, unahamisha injini, unarudi barabarani. Kwa miaka mingi glaida zilizouzwa Marekani nzima hazikufika hata 1,000 kwa mwaka. Halafu ghafla zikapanda. Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani, EPA, ulikadiria kwamba kufikia 2015 zilizidi 10,000 kwa mwaka. Ajali hazikuongezeka mara 10. Kilichobadilika ni sheria ya moshi.

Hapa inabidi tuingie kwenye injini kidogo, vumilieni.

Injini ya dizeli inatoa uchafu wa aina mbili unaowasumbua zaidi watunga sheria. Kuna masizi, yale meusi unayoyaona. Na kuna oksidi za naitrojeni, ambazo huzioni. Hizi zinatokea kwa sababu hewa tunayovuta sehemu kubwa ni naitrojeni, na ndani ya silinda joto likizidi sana naitrojeni hiyo inaungua pamoja na oksijeni. Tatizo ni kwamba injini inayochoma kwa joto kali inakula mafuta kidogo na kutoa masizi machache, lakini inatoa oksidi nyingi. Ukipunguza joto, oksidi zinapungua, masizi yanaongezeka na mafuta yanaliwa zaidi. Ni kama godoro la maji, ukibonyeza huku linavimba kule.

Sheria ya Marekani ilibana hatua kwa hatua. Injini za malori makubwa za 1998 ziliruhusiwa gramu 4 za oksidi za naitrojeni kwa kila nguvu-farasi moja kwa saa. Kufikia 2010 kiwango kikawa gramu 0.2, yaani kimepunguzwa mara 20. Masizi yalishushwa kutoka gramu 0.1 hadi 0.01 kuanzia 2007.

Watengenezaji walifikaje huko? Kwanza, kuanzia mwishoni mwa 2002, walirudisha sehemu ya moshi ndani ya injini baada ya kuupoza, ili joto lishuke. Mwaka 2007 wakaongeza kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Mwaka 2010 wengi wakaleta mfumo wa kunyunyizia AdBlue.

Na AdBlue ndiyo urea niliyowaahidi. Ni urea asilimia 32.5, iliyobaki ni maji safi sana. Ikinyunyiziwa kwenye moshi wa moto inageuka amonia, amonia inakutana na zile oksidi, na zote zinageuka naitrojeni ya kawaida na maji. Ukifikiria ni ajabu: kitu kilekile unachokuzia mahindi ndicho kinachosafisha moshi wa lori linalobeba mahindi hayo. Lakini tafadhali, tafadhali, asije mtu akakoroga urea ya dukani kwenye ndoo akamimina kwenye tangi la AdBlue. Urea ya shambani ina uchafu na mara nyingi imepakwa kemikali ya kuzuia isigande. Mahindi hayajali, ila mfumo wa lori utaziba na bei ya kuutengeneza itakutoa machozi.

Sasa rudi kwenye upande wa mwenye lori wa Marekani, maana mimi simlaumu moja kwa moja. Injini za 2002 hadi 2009 ziliwatesa watu kweli. Kipozeo cha moshi kilivuja. Kichujio kilijaa masizi, na lisipopata safari ndefu ya kuyachoma, lori linapunguza nguvu lenyewe katikati ya safari. Mafuta yaliliwa zaidi kuliko zamani. Mtu mwenye lori moja, anabeba ng'ombe au nyasi kavu, lori likilala kwa wakala siku nne kusubiri sensa, mwezi huo hana kitu. Akisikia kuna lori jipya lenye injini ambayo fundi wa kijijini kwao anaijua kwa kugusa, na bei yake iko chini kwa karibu robo ukilinganisha na lori jipya kamili, wewe ungefanyaje? Isitoshe, lori jipya kubwa kule lina kodi ya serikali kuu ya asilimia 12, ambayo glaida nyingi ziliikwepa kwa kuhesabiwa kama matengenezo.

Injini iliyopendwa kuliko zote ilikuwa Detroit Series 60 ya lita 12.7, ya kabla ya mambo ya kurudisha moshi. Na hapa yule dalali wetu anaumbuka. Series 60 ilipotoka 1987 ilikuwa miongoni mwa injini za kwanza za malori makubwa kuendeshwa na kompyuta. Watu wanaposifia "injini ya zamani isiyo na kompyuta" mara nyingi wanasifia injini isiyo na kichujio wala AdBlue. Ni vitu viwili tofauti. Ukimuuliza muuzaji, usikubali achanganye.

Na kompyuta yenyewe ilikuwa na siri. Mwaka 1998 serikali ya Marekani ilifikia makubaliano na watengenezaji saba wa injini za dizeli, wakiwemo Caterpillar, Cummins, Detroit Diesel, Mack na Volvo, baada ya kudai kwamba programu za injini zao zilipangwa zipite vizuri kwenye vipimo, halafu lori likishika mwendo wa barabara kuu zibadilishe uchomaji ili kuokoa mafuta na kutoa oksidi nyingi kupita kiwango. Kwa hiyo ule ulaji mdogo wa mafuta ambao wazee wa malori wanaukumbuka kwa mapenzi, sehemu yake ilitoka hapo. Injini nyingi zilizofungwa kwenye glaida ni za miaka hiyohiyo, 1998 hadi 2002.

EPA ilipoona glaida zimekuwa njia ya kuzunguka sheria, ilizibana kwenye kanuni zilizokamilishwa Agosti 2016. Kuanzia 2018, mtengenezaji mdogo aliruhusiwa kufunga injini za zamani kwenye glaida zisizozidi 300 kwa mwaka. Zaidi ya hapo, injini lazima ifikie kiwango cha mwaka ambao lori limeunganishwa. Msamaha ulibaki kwa zile injini ambazo bado ni changa, kama ile ya lori lililopinduka. Kwa maoni yangu huo ulikuwa mstari mzuri: kuokoa injini nzima ruksa, kujenga kiwanda cha malori ya moshi hapana.

Waundaji wa glaida wakalalamika. Mkubwa wao alikuwa Fitzgerald wa Tennessee, eneo la vijijini ambako kiwanda kama hicho ni ajira ya watu wengi. Uongozi mpya wa EPA ukawasikiliza, na Novemba 2017 ukapendekeza kufuta kikomo. Ukategemea kwa sehemu utafiti wa Tennessee Tech, chuo kikuu cha jimbo hilohilo, uliosema injini zilizofanyiwa ovahoo hazikuwa mbaya kuliko mpya. Tatizo, utafiti ule ulikuwa umegharamiwa na Fitzgerald mwenyewe, na Februari 2018 chuo kikaiomba EPA isiutumie wakati kinauchunguza. Wakati huohuo maabara ya EPA kule Ann Arbor ilikuwa imepima glaida mbili na kuzilinganisha na malori ya kawaida ya 2014 na 2015. Kwenye mwendo wa barabara kuu, glaida zilitoa oksidi za naitrojeni karibu mara 43 na masizi karibu mara 55.

Soma tena hizo namba. Lori moja la rangi mpya, moshi wa malori 43.

Kilichonivutia mimi ni nani waliopinga kufutwa kwa kikomo. Watu wa mazingira walipinga, hilo linaeleweka. Lakini Volvo, Cummins na Navistar nao waliandika barua ya kupinga. Walikuwa wametumia pesa nyingi kutengeneza injini safi, sasa mtu anawauzia wateja wao injini za zamani kwenye kebini mpya kwa bei ya chini. Sheria ikiwa na mlango wa nyuma, anayeumia wa kwanza ni aliyepita mlango wa mbele.

Mwisho wake ulikuwa kama mchezo wa redio. Tarehe 6 Julai 2018, siku ya mwisho ya kazi ya mkuu wa EPA wakati huo, Scott Pruitt, wakala ukatangaza kwamba hautasimamia kikomo cha 300. Siku 12 baadaye mahakama ya rufaa ya Washington ikasimamisha tangazo hilo. Tarehe 26 Julai kaimu mkuu mpya, Andrew Wheeler, akalifuta kabisa. Mwezi haukuisha.

Sasa mtu ataniuliza, bwana shamba, moshi wa Tennessee na viazi vyangu wapi na wapi?

Nianze na hili la shambani, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Oksidi za naitrojeni zikipigwa na jua pamoja na mivuke mingine zinatengeneza ozoni karibu na ardhi. Ozoni hiyo inaingia kwenye majani kupitia vitundu vya kupumulia na kupunguza mavuno. Soya, maharage na ngano zinaumia sana. Na masizi yanamwingia mtu: shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwezi Juni 2012. Ukisimama kwenye foleni ya mizani nyuma ya lori linalotapika moshi, dereva wako na utingo wako ndio wanaovuta. Hao ni vijana wenzenu, mara nyingi ni wanachama wa kikundi.

Halafu kuna hesabu ya pesa, ambayo najua ndiyo mliyoingoja.

Huku kwetu hatuna glaida za kiwandani, lakini kuchanganya bodi na injini tunakujua vizuri. Gereji zetu zinahamisha injini kila siku, kutoka gari lililoungua kwenda lililopinduka. Si dhambi. Ila maana yake ni kwamba mwaka wa gari na mwaka wa injini ni maswali mawili, na wanunuzi wengi wanauliza moja tu. Wale vijana wa viazi niliwaambia wafungue kadi ya gari, wachukue tochi na kitambaa, wafute mafuta kwenye bloku na kusoma namba iliyochongwa. Haikufanana na ya kwenye kadi. Dalali akasema hilo ni jambo dogo, atalishughulikia. Ndugu zangu, namba isiyofanana si jambo dogo. Siku gari likikamatwa, au likipata ajali na bima ikaanza kusoma makaratasi, au mkitaka kuliuza, mzigo huo ni wenu. Waliacha, na nadhani walifanya vizuri.

Je, injini ya zamani ni mbaya kwa mkulima wetu? Mimi sisemi hivyo, na anayesema hivyo hajawahi kukwama na gunia 150 za viazi kilomita 80 kutoka mjini. Injini ambayo fundi wa karibu anaijua na spea zake zinauzwa mjini kwenu ina thamani halisi. Chukua mfano wa kubuni: lori linafanya safari mbili kwa wiki, kila safari inabakiza shilingi 700,000 baada ya mafuta na dereva. Likilala wiki tatu katikati ya mavuno kusubiri sensa kutoka nje, umepoteza 4,200,000, na marejesho ya mkopo hayalali. Hesabu hiyo ndiyo iliyowapeleka Wamarekani kwenye glaida, na kwetu inauma zaidi kwa sababu wakala ni wachache.

Lakini hesabu ina upande wa pili. Injini za AdBlue zilirudisha sehemu ya ulaji mzuri wa mafuta uliopotea kwenye zile za katikati, kwa sababu moshi unasafishwa nje ya silinda, kwa hiyo injini inaachwa ichome vizuri. Kwenye safari ndefu, kwa mfano Makambako hadi Dar es Salaam kila wiki, mafuta ndiyo gharama inayokula zaidi. Dizeli yetu nayo si ile ya zamani. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015. Marekani wako 15 tangu 2006. Salfa ni adui wa vichujio hivi, kwa hiyo mafuta ya vidumu vya barabarani, yaliyochanganywa na mafuta ya taa au usiyojua yametoka wapi, yatakuua upesi zaidi ukiwa na injini mpya kuliko ukiwa na ya zamani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama barabara zenu ni za vumbi, safari fupifupi, na fundi wa kompyuta ya magari yuko mkoa mwingine, injini rahisi iliyotunzwa vizuri inaeleweka. Ipimwe mgandamizo wa silinda, iwashwe ikiwa ya baridi, na uangalie moshi. Mweusi wa kudumu maana yake nozeli au hewa, wa bluu maana yake inakula oili. Kama mnasafirisha mbali kila wiki, msiogope AdBlue, ila kwanza mjue nani ataihudumia. Mnachopaswa kukataa ni lori la katikati, lile lenye mfumo wa moshi uliokatwa. Gereji nyingi zinatoboa kichujio au kufunga kifaa cha kudanganya kompyuta kwamba AdBlue ipo. Kule Marekani hilo linatozwa faini kubwa. Hapa kwetu unauziwa kama "limerekebishwa". Mnakuwa mmelipia bei ya injini mpya, mnapata moshi wa injini ya zamani, na kompyuta iliyodanganywa haiwezi tena kuwaambia ukweli ikianza kuumwa.

Jaribio rahisi: washa swichi bila kuwasha injini, taa zote za dashibodi ziwake, kisha washa injini zizime. Taa ya injini ambayo haikuwaka kabisa tangu mwanzo, kuna mtu ameichomoa. Halafu fungua tangi la AdBlue. Likiwa na vumbi na utando wa buibui, muuzaji hana haja ya kukueleza zaidi.

Kwa watakaochukua la AdBlue, nunueni kwenye madumu yaliyofungwa lakiri, msome tarehe, na msiyahifadhi juani. Na yakae mbali na stoo ya mbolea, ili kijana wa stoo asije akaona neno urea kwenye dumu akafikiri ni ya kunyunyizia mahindi, au kinyume chake. Maswali ya matrekta, ambayo nayo yana habari yake ya injini na moshi, nitayajibu makala ijayo.